Harusi ambayo dola 15,000 hazikuweza kuiahirisha

Katika kurasa zetu za familia tumezoea kuzungumzia ndoa: namna ya kuposa, namna ya kuishi kwa wema, na namna ya kusuluhisha yanapotokea mazito. Wiki hii tumeona tuwasimulie wasomaji wetu kisa cha ndoa moja ya zamani na ya mbali, iliyofungwa mjini New York, Marekani, tarehe 10 Februari 1863. Bwana harusi alikuwa Charles Stratton, kijana wa miaka 25, ambaye urefu wake ulikuwa sentimita 89 hivi. Bibi harusi alikuwa Lavinia Warren, binti wa miaka 21, mwenye urefu wa sentimita 81 hivi. Wote wawili walikuwa wakijipatia riziki kwa kupanda jukwaani na kutazamwa, na siku ya harusi yao umati mkubwa ulitoka majumbani kwenda kuwatazama tena.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Sisi tumekisoma kwa jicho jingine. Hapa tuna watu wawili wazima ambao ulimwengu ulisisitiza kuwafanya watoto, au wanasesere, na ambao waliichagua ndoa kuwa mahali pa kusema kwamba wao ni mwanamume na mwanamke kama wengine. Je, walifaulu? Jibu lake si jepesi, na ndiyo maana tunaomba subira ya msomaji.

Mtoto aliyeongezewa umri

Charles alizaliwa tarehe 4 Januari 1838 katika mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa seremala. Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, zaidi ya kilo nne, na kwa miezi michache ya mwanzo alikua kama watoto wengine. Alipofikisha kiasi cha miezi sita, ukuaji wake ukasimama. Karibu na kutimiza miaka mitano alikuwa bado na urefu wa sentimita 64 hivi na uzito wa kilo saba, ilhali akili yake ilikuwa nyepesi na viungo vyake vyote vimekamilika.

Madaktari wa siku hizi wanaamini kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa homoni ya ukuaji, ambayo hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Hiyo ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi za kimo kifupi; iliyo ya kawaida zaidi huhusu ukuaji wa mifupa yenyewe, na mara nyingi humpata mtoto wa wazazi wenye urefu wa kawaida. Mtoto wa leo mwenye upungufu kama wa Charles, akigunduliwa mapema, anaweza kutibiwa kwa sindano za homoni hiyo. Tiba hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu katikati ya miaka ya 1980 homoni yenyewe hutengenezwa maabara. Wakati wa Charles hapakuwa na tiba wala maelezo. Palikuwa na majirani wa kushangaa, na mwisho wa mwaka 1842 akatokea mtu wa kununua mshangao huo.

Mtu huyo alikuwa P. T. Barnum, mwenye jumba la maonyesho lililoitwa American Museum katika barabara ya Broadway, New York, ambako kiingilio kilikuwa senti 25. Ni vyema msomaji amfahamu Barnum alivyoanza. Mwaka 1835 alimzungusha mijini Joice Heth, bibi kizee Mwafrika aliyekuwa mtumwa, akidai kwamba ana umri wa miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Bibi huyo alipofariki mwaka 1836, Barnum alikata tiketi ili watu waingie kutazama maiti yake ikipasuliwa na daktari. Huyo ndiye aliyekuwa akibisha hodi kwa seremala wa Bridgeport.

Wazazi walikubali malipo ya dola tatu kwa wiki, pamoja na chakula na malazi ya mtoto na mama yake. Barnum akampa mtoto jina jipya: Jenerali Tom Thumb, kutokana na kijana wa hadithi za Kiingereza ambaye hakuzidi kidole gumba. Akamwongezea na umri. Mtoto wa miaka minne akatangazwa kuwa ana miaka 11 na kwamba ametoka Uingereza, ili udogo wake uonekane wa ajabu zaidi. Akafundishwa kuimba, kucheza, kujibu kwa mzaha na kumwigiza Napoleon.

Mwaka 1844 Barnum alimvusha bahari kwenda Uingereza. Katika kasri la Buckingham mtoto alionyeshwa kwa Malkia Victoria, na alipokuwa akirudi kinyumenyume kwa adabu za kasri, mbwa wa Malkia akamrukia. Naye akajihami kwa kifimbo chake, wakuu wote wakacheka. Habari hiyo ilienea na kumpa Barnum umaarufu aliokuwa akiutafuta. Lakini Malkia aliporudi chumbani mwake usiku aliandika katika shajara yake kwamba alimhurumia mtoto yule, na kwamba alitamani apate watu wa kumtunza inavyostahili. Wengi walioukumbuka mkasa wa mbwa hawakupata kuisikia huruma hiyo.

Haki itendeke katika kusimulia: Charles hakubaki mateka. Malipo yake yalipanda, na kuanzia mwaka 1845 aligawana mapato na Barnum nusu kwa nusu. Alipofikia utu uzima alikuwa na nyumba, farasi na mashua yake mwenyewe. Barnum alipofilisika mwaka 1856 kwa sababu ya biashara ya saa, Charles ndiye aliyemwandikia kujitolea kumsaidia, wakaenda tena Ulaya kutafuta fedha. Uhusiano wao ulikuwa na unyonyaji, na ulikuwa na urafiki pia. Kuuficha upande mmoja ni kupotosha.

Mwalimu wa Middleborough

Lavinia alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1841 huko Middleborough, jimbo la Massachusetts, katika familia ya wakulima yenye jina la heshima. Jina lake kamili lilikuwa Mercy Lavinia Warren Bump. Ndugu zake wengi walikuwa na urefu wa kawaida, isipokuwa mdogo wake Minnie, ambaye alikuwa mfupi kuliko hata yeye. Nyumbani walifundishwa kushona, kupika na kusoma kama mabinti wengine, na alipokuwa na miaka 16 hivi, Lavinia alipewa darasa la watoto wadogo kufundisha. Wanafunzi wake walimzidi kimo, lakini walimtii.

Baadaye binamu yake alimchukua katika mashua ya maonyesho iliyokuwa ikipita mito ya magharibi na kusini, ukiwamo mto Mississippi. Huko ndiko alikojifunza kile kilichomsumbua maisha yake yote. Watu walimwinua na kumpakata, au walimbusu bila kumwuliza. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni ameeleza jinsi ilivyokuwa vigumu kuwafahamisha watu kwamba yeye si mtoto, na kwamba haya ya mwanamke ilikuwa ndani yake kama ilivyo ndani ya wanawake wote. Anasimulia kwamba hata Seneta Stephen Douglas, aliyekuja kushindana na Abraham Lincoln kugombea urais mwaka 1860, aliinama ili ambusu. Lavinia akarudi nyuma. Mheshimiwa akaelewa, akajizuia.

Tunaomba msomaji aishike picha hiyo. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 81 anarudi nyuma hatua moja mbele ya mmoja wa wanasiasa wakubwa wa nchi yake. Hakuwa na ulinzi mwingine ila hatua hiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka mwaka 1861, safari za mashua zilikatika na Lavinia akarejea kwao. Mwaka uliofuata Barnum alisikia habari zake, akatuma mjumbe, wakaandikiana mkataba.

Posa na shaka ya mama

Charles alimwona Lavinia kwa mara ya kwanza katika jumba la Barnum mwaka huo wa 1862, na hakukawia kumwambia Barnum kwamba huyo ndiye mwanamke aliyeumbiwa. Kulikuwa na mwingine aliyemtaka: George Nutt, msanii kijana aliyeitwa Komodoo Nutt, ambaye alikuwa mfupi kuliko Charles. Barnum, kwa tabia yake, aliusimulia ushindani huo kwa furaha kubwa.

Jioni moja ya vuli, nyumbani kwa Barnum huko Bridgeport, Charles alipata nafasi ya kuzungumza na Lavinia. Alimweleza mali aliyonayo na safari alizofanya, kama afanyavyo mposaji anayetaka kujulikana kuwa anaweza kuihudumia nyumba. Kisha akamwomba awe mke wake. Lavinia alikubali kwa sharti moja: mama yake aridhie.

Hapa ndipo kisa kilipokaribia kukatika. Mama yake, Bibi Huldah, alikataa. Alihofia kwamba posa yote ni njama ya Barnum ya kutengeneza fedha, na kwamba binti yake ataolewa ili apate kuonyeshwa. Charles alimwandikia barua, nayo ikapelekwa Middleborough na rafiki yake. Mama alipoisoma, na alipohakikishiwa kwamba ndoa ikifungwa Barnum ataufuta mkataba wa Lavinia uliosalia, ndipo alipotoa idhini. Barnum mwenyewe ndiye aliyesimulia hayo. Nasi tunasema mama huyo alikuwa mwerevu. Hakuuliza iwapo mchumba ni mfupi au mrefu, tajiri au maskini. Aliuliza: harusi hii ni ya nani?

Swali hilo lilikuwa na uzito, kwani mara tu uchumba ulipotangazwa watu walifurika American Museum kumwona Lavinia. Kwa hesabu ya Barnum, kuna siku mapato yalizidi dola 3,000. Akawaendea wachumba na kuwapa dola 15,000 taslimu iwapo wataahirisha harusi kwa mwezi mmoja tu na kuendelea kujionyesha. Wakakataa. Charles alisema asingekubali hata kwa dola 50,000, na Lavinia akamwambia kwamba alipaswa kutaja 100,000.

Fedha zile zilikuwa nyingi mno kwa wakati ule. Wachumba wale waliishi kwa kazi hiyo hiyo ya kuonyeshwa na walijua thamani ya kila dola. Kukataa kwao ndicho kitendo kilichokuwa chao kikamilifu katika kisa hiki chote.

Jumanne ya tarehe 10 Februari

Kupata mahali pa kufungia ndoa nako hakukuwa rahisi. Barnum alimwendea Askofu Horatio Potter wa New York ili aifungishe. Askofu alikubali, kisha akajitoa kwa shinikizo la watu walioona kwamba jambo hilo litakuwa mzaha ndani ya nyumba ya ibada. Hatimaye milango ya Grace Church, kanisa la matajiri lililoko Broadway kwenye mtaa wa kumi, ilifunguliwa. Baadhi ya wenye viti vya kudumu kanisani humo walilalamika. Mchungaji wao alisimama upande wa maharusi.

Siku ya harusi polisi walifunga sehemu ya Broadway. Watu walijaa njiani, madirishani na juu ya mapaa. Waalikwa wapatao 2,000 walikaa ndani: magavana, wabunge, majenerali na mabibi wa koo tajiri za mji. Jenerali Ambrose Burnside, ambaye wiki nane hivi nyuma aliongoza jeshi lililoshindwa vibaya huko Fredericksburg, alikuwa mmojawapo. Komodoo Nutt, aliyemkosa bibi harusi, alikuwa msimamizi wa bwana harusi; Minnie alikuwa mpambe wa dada yake. Lavinia alivaa gauni la satini nyeupe lenye mkia mrefu, kazi ya Madame Demorest, mshonaji mashuhuri wa mji huo. Charles alivaa suti nyeusi. Mchungaji Junius Willey wa Bridgeport akawauliza wanayoulizwa maharusi, nao wakajibu kwa sauti iliyosikika.

Barnum aliapa kwamba hakuuza tiketi ya kuingia kanisani, ingawa angeweza kupata maelfu. Alikuwa ameahidi harusi yenye staha, naye akaitimiza ahadi hiyo.

Kutoka hapo maharusi walikwenda kwenye karamu, ambayo sisi tungeiita walima, katika hoteli ya Metropolitan. Lilizuka tatizo dogo: wageni ni maelfu na maharusi hawaonekani. Wakapandishwa juu ya piano kubwa, wakasimama pale kupokea mikono ya watu. Zawadi zilipangwa mezani: vito, vyombo vya fedha, hata mkokoteni mdogo wa fedha wenye farasi, kutoka kwa sonara Tiffany. Wageni waliondoka na keki iliyofungwa katika visanduku.

Juma lile magazeti yaliyokuwa yamejaa orodha za majeruhi yalitoa nafasi kwa harusi. Jarida la Harper's Weekly la tarehe 21 Februari liliweka picha yao ukurasa wa mbele. Ilikuwa imepita miezi miwili tangu maafa ya Fredericksburg, na wiki sita tangu Rais Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Nchi ile ilikuwa ikimwaga damu juu ya swali la iwapo binadamu anaweza kuwa mali ya mwenzake. Pengine ndiyo maana watu waliikimbilia harusi ile: walitaka siku moja ya kucheka. Hatuwalaumu. Tunachosema ni kwamba kicheko hicho kilikuwa na watu wawili ndani yake.

Ikulu ya Lincoln

Siku tatu baadaye, tarehe 13 Februari, maharusi walikaribishwa Ikulu mjini Washington. Rais Lincoln, mtu wa urefu wa zaidi ya mita 1.9, aliinama kushika mkono wa bibi harusi. Walioshuhudia wameandika kwamba hakufanya mzaha wowote mbele yao, na kwamba aliwakaribisha kwa upole na kuwatambulisha kwa mkewe kama wageni wengine. Ilikuwa karibu mwaka mmoja tangu Lincoln na mkewe kumpoteza mtoto wao Willie. Mtoto wao mkubwa, Robert, alikataa kuhudhuria, akiona mapokezi hayo hayafai.

Lavinia amesimulia kwamba Rais alimwuliza mumewe kwa utani maoni yake juu ya vita. Charles akajibu kwamba rafiki yake Barnum angeimaliza kazi hiyo kwa mwezi mmoja. Hata Ikulu, jina la mwenye maonyesho halikukosa kutajwa.

Mtoto wa kuazima

Ahadi ya kustaafu jukwaa haikudumu. Charles alizoea maisha ya gharama, na umma haukuchoka kuwauliza. Wakarudi safarini. Na baada ya harusi, umma ukataka sura inayofuata: mtoto.

Zikaanza kuuzwa picha za Charles na Lavinia wakiwa na mtoto mchanga mapajani, zikapita mikononi mwa maelfu ya watu. Mtoto huyo hakuwa wao. Miaka mingi baadaye, Lavinia akiwa mjane na mzee, alikiri kwamba hakupata kuzaa. Mtoto wa kwanza alichukuliwa kutoka kituo cha watoto walioachwa na wazazi, na kila alipokua kupita kiasi alibadilishwa. Walipokuwa Uingereza walitafutiwa mtoto wa Kiingereza, Ufaransa wa Kifaransa. Kisha ikatangazwa kwamba mtoto amefariki, na watu wakawapa pole kwa msiba ambao haukuwapo.

Tumelitafakari sana jambo hili. Wale waliokataa dola 15,000 kwa ajili ya siku ya harusi yao walikubali hatimaye kuigiza uzazi. Hatuwatetei katika udanganyifu huo, na watoto wale wasio na kwao waliostahili mlezi wa kudumu walifanywa vyombo vya jukwaa. Hata hivyo, lawama haianzii kwao. Nani kati yetu hajasikia wenye ndoa wakiulizwa kila wiki, "Vipi, bado?" Umma ulikuwa umelipa kiingilio, nao ulijiona una haki ya kuingia hadi chumbani.

Ukweli wenyewe ulikuja kuonekana kwa Minnie. Aliolewa mwaka 1877 na msanii Edward Newell, akashika mimba. Tarehe 23 Julai 1878 alijifungua mtoto mkubwa kuliko mwili wake ulivyoweza kuhimili, na mama na mtoto wakafariki. Lavinia alimzika mdogo wake. Kwa msiba huu wa kweli hapakuuzwa picha za mapajani.

Kuizunguka dunia na kurudi

Tusimalize kwa kuwafanya watu wa huzuni tu, kwani hawakuwa hivyo. Mwaka 1869, reli ya kuvuka Marekani ilipokamilika, Charles, Lavinia, Minnie na Nutt walianza safari ya kuizunguka dunia chini ya meneja wao Sylvester Bleeker. Walipita Japani, Uchina, Australia, India na Misri. Waliporejea mwaka 1872, Bleeker alihesabu maili 55,487, miji 587 na maonyesho 1,471. Wachache sana wa zama zile, warefu kwa wafupi, waliiona dunia kiasi hicho.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 1883 walikuwa wamelala katika hoteli ya Newhall House mjini Milwaukee ulipozuka moto. Watu zaidi ya 70 walifariki, na mke wa Bleeker alikufa kwa majeraha. Charles na Lavinia waliokolewa. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Julai, Charles alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 45. Ndoa yao ilikuwa imedumu miaka 20. Magazeti yalisema watu 10,000 walihudhuria mazishi yake huko Bridgeport. Fedha nyingi alizochuma zilikuwa zimekwisha kutumika.

Lavinia aliolewa tena mwaka 1885 na Primo Magri, Mwitaliano mwenye kimo kifupi, wakaendelea na maonyesho kwa kuwa ilibidi wale. Mwaka 1905 alimpelekea mwigizaji mashuhuri Minnie Maddern Fiske na mumewe kipande cha keki ya harusi ya mwaka 1863, pamoja na barua. Humo alieleza kwamba watu wanadhani hayupo tena duniani. Keki hiyo, iliyokauka na kuwa nyeusi, imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Alifariki tarehe 25 Novemba 1919 akiwa na miaka 78, akazikwa kando ya Charles. Juu ya kaburi la Charles kuna nguzo ndefu yenye sanamu yake ya kimo chake halisi, aliyoitaka mwenyewe. Jiwe la Lavinia ni dogo, na limeandikwa maneno mawili: Mke wake. Hakuna cheo cha jukwaani wala jina la Barnum.

Na sisi je?

Tumeuliza mwanzoni iwapo walifaulu. Kwa maoni yetu, walifaulu pale walipoachiwa nafasi: katika idhini ya mama, katika kukataa fedha, katika miaka 20 ya kuishi pamoja. Walishindwa pale watu waliowazunguka walipokataa kuacha kutazama.

Ndugu msomaji, jumba la Barnum liliungua mwaka 1865, lakini kila mmoja wetu leo amebeba jumba lake mfukoni. Tumeona mtu mwenye kimo kifupi akiingia harusini kama mwalikwa, na simu zikainuliwa kabla ya mikono kumpokea. Tumesikia watu wazima wakiwaita wenzao "mbilikimo" na "kijeba" mbele ya watoto, kisha wakashangaa watoto hao wakirudia maneno hayo mtaani. Mtoto akinyoosha kidole na kuuliza, ajibiwe kwa utulivu: watu wameumbwa kwa vimo mbalimbali, na yule ni mtu mzima. Mwenye mtoto ambaye hakui kama wenzake ampeleke hospitali mapema, asimfiche ndani. Na mwenye binti au kijana wa kimo kifupi aliyefikia kuoa au kuolewa, aulize alivyouliza Bibi Huldah: je, anayekuja anamtaka mwanangu, au anakitaka kile ambacho watu watakisema?

Lavinia alitumia maisha yake kurudi nyuma hatua moja mbele ya watu waliomwinamia kama mtoto. Sisi lugha yetu imetupa njia nyepesi ya kumwondolea mwenzetu mzigo huo. Aliyetuzidi umri, hata kama kichwa chake kinafika kiunoni mwetu, tumpe anachostahili kila aliyetuzidi umri: Shikamoo. Kisha tungoje atuitikie Marahaba.